Paka Uliyemchukua Ni wa Mbegu Gani? Dalili, Sababu na Jinsi ya Kuhakikisha

Paka aliyeokotwa Kondele mjini Kisumu au aliyetolewa na jirani kule Njoro karibu na Nakuru karibu kila mara ni paka wa kienyeji, hata akiwa na macho ya buluu, manyoya marefu au madoa. Tunalisema mapema kwa sababu wengi huanzia upande wa pili: wanaona sifa moja, wanatafuta picha kwenye simu, na kufikia jioni paka ameshapewa jina la Siamese au Maine Coon. Mbegu za paka ni jambo la juzi. Maonyesho makubwa ya kwanza ya paka yalifanyika Crystal Palace, London, mwaka wa 1871, na mbegu nyingi zinazotajwa leo zilitengenezwa baada ya hapo, kwa watu kuchagua sifa zilizokuwa tayari kwa paka wa kawaida. Sifa hizo bado ziko mitaani. Ukiiona moja kwa paka wako, imethibitisha kwamba ana jeni yake, yaani chembe ya urithi inayoileta, basi.

Kwa hiyo kila dalili iulizwe: ni nini kingine kingeweza kuileta? Na sababu zinazohitaji daktari zitangulie, kwa maana baadhi ya yale ambayo watu huyasifu kama mbegu adimu ni ugonjwa.

Umri kwanza

Bila umri, dalili nyingine zote zitakudanganya. Inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba na uangalie meno. Meno madogo ya mbele hutoka kati ya wiki ya 3 na ya 4, chonge hufuata mara moja, na magego ya utotoni hukamilika karibu wiki ya 8, paka akiwa na meno 26. Kuanzia mwezi wa 4 meno ya mbele yanabadilishwa na makubwa, chonge mpya huja karibu mwezi wa 5, na akifika miezi 6 au 7 anapaswa kuwa na meno 30.

Kisha mpime kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli. Paka anayelishwa vizuri huongezeka takriban gramu 450 kila mwezi katika miezi ya mwanzo: wiki 8 awe na gramu 800 hadi 900, miezi 3 awe na kilo 1.3 hivi. Meno yakisema miezi mitatu na mizani ikasema gramu 700, huyo si wa mbegu fupi. Ana njaa ya muda mrefu, au minyoo, au vyote viwili. Tumbo lililovimba huku mbavu zikihesabika kwa vidole ni minyoo mpaka daktari aseme vinginevyo. Ugali na maziwa havimtoshi. Paka ni mla nyama, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Mpe chakula cha paka wadogo, yai lililopikwa, kuku au samaki aliyechemshwa bila chumvi wala vitunguu, umpeleke akapewe dawa ya minyoo kwa uzito wake, na usubiri wiki nne kabla ya kusema lolote kuhusu umbo. Paka aliyekonda huwa na uso mrefu na masikio makubwa kupita kiasi, na ndivyo wengi wanavyopachikwa jina la mbegu za Mashariki ya mbali.

Macho ya kila paka mchanga ni ya buluu. Huanza kubadilika kati ya wiki ya 6 na ya 8, na rangi yake ya kudumu hutulia karibu miezi 3 au 4. Rangi ya macho isihukumiwe kabla ya hapo, na urefu wa manyoya usihukumiwe kabla ya miezi 6.

Mwili wa rangi ya maziwa. Pua, masikio, miguu na mkia vyeusi

Hapa ndipo jina Siamese linapotajwa zaidi, na ni dalili nzuri kuielewa kwa sababu inapimika. Paka hawa wana jeni inayotengeneza kimeng'enya cha rangi, yaani kitu cha mwilini kinachotengeneza rangi ya manyoya, kisichostahimili joto. Penye joto la kiwiliwili hakifanyi kazi, manyoya yanabaki meupe; kwenye ncha zenye ubaridi kinafanya kazi, manyoya yanakuwa meusi au ya kahawia. Ndiyo maana huzaliwa weupe kabisa, kwani tumboni mwa mama kuna joto kila mahali, na rangi huanza kuonekana kwenye pua na masikio katika wiki za mwanzo.

Hali ya hewa nayo inaingia. Ndugu wa tumbo moja, mmoja akilelewa Kisumu, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mwingine Nakuru, karibu mita 1,850, wanaweza kutofautiana wakikua, wa Nakuru akawa na weusi mwingi zaidi. Hilo halimaanishi wa Nakuru ana damu safi zaidi. Vilevile, daktari akimnyoa jike ubavuni au tumboni ili kumfunga kizazi, manyoya yanayoota pale huweza kutoka meusi kwa kuwa ngozi ilikuwa wazi na baridi. Yatarudi kuwa meupe manyoya yakibadilika tena.

Kuhakikisha, fuata mpangilio huu. Subiri miezi 4 uangalie macho: wenye jeni hii hubaki na macho ya buluu maisha yao yote. Yakigeuka kijani au manjano, si hiyo. Halafu angalia mpaka wa rangi. Ikiwa weusi unafifia polepole kuingia kwenye weupe, ni jeni ya joto. Ikiwa mpaka umekatika waziwazi, tuseme kichwa na mkia vyeusi na mwili mweupe pe, ni paka wa mabaka tu, ambaye wauzaji humwita Turkish Van. Mwisho angalia umbo. Siamese wa leo ana kichwa cha pembetatu ndefu, masikio makubwa yanayoendeleza mstari wa mashavu, mwili mwembamba na mkia mwembamba unaochongoka. Kichwa cha duara na kifua kipana vikiambatana na ncha nyeusi vinakuambia jambo moja: paka wa kienyeji mwenye jeni hiyo.

Inatokeaje mtaani? Jeni imejificha: huonekana tu kwa mtoto aliyeipata kwa baba na kwa mama. Baba na mama wakiwa na nakala moja moja, wote wawili wanaonekana paka wa kawaida kabisa, na kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka na ncha nyeusi. Hakuhitajika Siamese yeyote mtaani Nyalenda, Kisumu, miaka yote hiyo.

Manyoya ya kijivu au ya fedha

Hapa majina huwa Russian Blue, British Shorthair na Chartreux. Usiangalie rangi ya juu. Mpeleke dirishani mchana, tenganisha manyoya ya begani kwa vidole viwili, usome unywele mmoja kutoka mzizi hadi ncha.

Ukiwa wa kijivu wote, mzizi na ncha sawa, ni kijivu halisi: weusi uliofifishwa na jeni nyingine ya kujificha, ambayo imejaa kwa paka wa kienyeji. Mzizi ukiwa mweupe na ncha nyeusi, ana jeni ya fedha, na manyoya yataonekana kama yanafuka moshi anapotembea. Ukiwa na vipande vya giza na mwanga vinavyopokezana, huyo ni wa milia hata kama milia haionekani vizuri.

Hali ya nne ndiyo inayowachanganya watu. Mzizi mweusi, ncha imepauka, na paka bado hajafika miezi 6. Mama yake aliugua homa au alipata shida kubwa wakati wa mimba, rangi haikuingia vizuri kwenye manyoya ya watoto tumboni, nao wakazaliwa kijivu au krimu. Haina madhara na haihitaji dawa. Manyoya mapya yakiota, kwa kawaida kufikia miezi 4 hadi 6, na mara nyingine hadi mwaka, unabaki na paka mweusi au wa milia. Aliyelipia «paka wa fedha» wa wiki nane ataumia hapo.

Kinyume chake pia kipo: paka mweusi anayeanza kuwa na wekundu wa kutu. Jua kali hufanya hivyo, na chakula chenye protini duni hufanya hivyo pia, kwa sababu weusi hutengenezwa kutokana na viungo vya protini. Boresha chakula na usubiri manyoya mapya.

Milia, madoa na herufi M usoni

M kwenye paji la uso iko kwa kila paka wa milia duniani. Si alama ya Maine Coon.

Madoa madogo ubavuni mara nyingi ni milia iliyokatikakatika. Bengal, ambaye wengi humtaja, alitokana na kuzalisha paka wa nyumbani na paka-mwitu wa Asia, na madoa yake bora yana rangi mbili: ukingo wa giza na katikati hafifu zaidi. Doa la rangi moja halitoshi.

Kuna mbegu moja ambayo kweli ni ya Kenya, nayo ni Sokoke, kutoka eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi. Ilianza kufugwa kama mbegu mwaka wa 1978 kutokana na paka walioishi huko, na Wagiriama walikuwa wakiwajua tangu zamani. Ana mabaka ya mviringo ubavuni yaliyochanganyika na vinyweleo vya rangi mbili, mwili mwembamba, miguu ya nyuma mirefu kidogo kuliko ya mbele na mwendo wa kunyatia vidole. Mabaka ya mviringo peke yake yapo kwa paka wa nchi nyingi, kwa hiyo paka wa mabaka wa Bungoma asiitwe Sokoke kwa kuwa tu wote ni Wakenya. Ni mbegu adimu, na inafaa kuheshimiwa kwa kutolitumia jina lake ovyo.

Ikiwa alitoka shambani au kwenye miwa: huenda si wa kufugwa

Soma hapa kwa makini ikiwa mtoto huyo alipatikana kwenye miwa ya Mumias, kando ya Ziwa Nakuru au kwenye nyasi ndefu mbali na nyumba.

Mondo mchanga ana masikio makubwa yaliyokaribiana juu ya kichwa, meusi kwa nyuma na yenye mstari mweupe, madoa ya wazi, miguu mirefu, na mkia mfupi, usiofika chini. Kimburu, yaani paka-mwitu wa Afrika, ndiye mgumu kutofautisha kwani ndiye ukoo ambao paka wa nyumbani alitoka. Ana rangi ya mchanga au kijivu, milia hafifu mwilini, pete za giza miguuni, mkia wenye pete na ncha nyeusi, na wekundu nyuma ya masikio. Huzaana na paka wa nyumbani, hivyo wapo machotara wasiotambulika kwa macho. Kanu si paka kabisa: uso wake umechongoka, miguu ni mifupi, na mkia ni mrefu wenye pete.

Mama huwaacha watoto akienda kuwinda. Ukiwakuta wakati wa kukata miwa na hawajaumia, acha kipande hicho bila kukatwa, ondokeni, aje awahamishe. Ikiwa tayari amebebwa nyumbani, usimnyweshe maziwa na usimzoeshe watoto. Mweke kwenye sanduku lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, na upige simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori Kenya. Wapo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru na kwenye hifadhi ya swala mjini Kisumu. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mnyama ataugua.

Manyoya marefu, au uso bapa

Manyoya marefu huhitaji jeni ya kujificha kutoka kwa baba na kwa mama, basi yanaweza kuchomoza kwa wazazi wawili wa manyoya mafupi. Akifika miezi 6 angalia nyuma ya mapaja, mkiani, shingoni na katikati ya vidole. Yakiwa marefu sehemu hizo ni wa manyoya marefu kweli. La sivyo yalikuwa ni manyoya laini ya utoto. Maine Coon ana pua na kidevu vya mraba, masikio makubwa yaliyo juu kichwani, na huendelea kukua hadi miaka 3 au 4, dume akipita kilo 6 bila kunenepa. Dume wa kienyeji huishia kilo 4 au 5.

Persian anajulikana kwa pua iliyozama, siyo kwa manyoya. Mtazame kwa ubavu: kama pua inajitokeza mbele ya paji, hana uso huo. Machozi yanayotiririka huhesabiwa kuwa dalili ya Persian, lakini kwa paka wa kuokota sababu ya kawaida ni mafua ya paka. Chafya, usaha wa manjano, kope zilizoshikana: pangusa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kipande kipya kwa kila jicho, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo. Jicho lililoingia ukungu linaweza kupotea kwa siku chache.

Hana manyoya sehemu fulani

Sphynx, paka asiye na manyoya, alianzia Toronto, Kanada, mwaka wa 1966. Huzaliwa hivyo mwili mzima, ngozi yake ni safi, na masharubu yake ni mafupi au hayapo. Paka wa kwako mwenye mabaka ya upara na masharubu kamili ana ugonjwa wa ngozi.

Mabaka ya duara usoni, masikioni au miguu ya mbele, yenye magamba na vinyweleo vilivyokatika, yaelekea ni choa, ile ambayo watoto wakiipata kichwani huitwa mashilingi. Huambukiza watu. Mtenge chumba kimoja kinachosafishika, osha matandiko kwa maji ya moto, osha mikono, na utarajie matibabu ya wiki kadhaa hata akionekana amepona. Magamba mazito yanayoanzia ukingoni mwa sikio na kushuka kichwani na shingoni, pamoja na kujikuna usiku na mchana, ni utitiri wa upele. Manyoya yaliyopungua karibu na shina la mkia ni viroboto: chukua uchafu mweusi unaoupata pale, uweke kwenye karatasi ya chooni iliyoloa, na ukitoa wekundu ni damu aliyonyonywa. Fizi zikiwa nyeupe, viroboto wanaweza kumuua, ni dharura.

Tafadhali usimwogeshe kwa dawa ya josho. Amitrazi, inayouzwa kila duka la agroveti kwa kupe wa ng'ombe, ni sumu kwa paka. Poda au matone ya mbwa yenye pemethrini pia humletea mtetemeko na kifo. Parasetamoli vilevile, hata kipande cha kidonge.

Mkia, masikio na vidole

Mkia mfupi unaweza kuwa wa kuzaliwa au wa kuumia mlangoni, kwa mbwa au barabarani. Upapase hadi mwisho. Kovu, maumivu au ncha isiyo na manyoya ni ajali. Mkia uliolegea na mkojo unaovuja ni mishipa ya fahamu iliyoumia, na kutembea kwa kurukaruka na choo kisichozuilika kwa aliyezaliwa bila mkia ni kasoro ya uti wa mgongo inayokuja na jeni ya Manx. Wote hao ni wa daktari.

Sikio moja lililokunjika si Scottish Fold. Likiwa na joto na limevimba, damu imejikusanya ndani kwa sababu ya kujikuna. Ukikuta ndani uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa, ni utitiri wa masikio. Na Scottish Fold halisi hastahili wivu: jeni inayokunja masikio yake huharibu pia gegedu za viungo, na wengi huishi na maumivu.

Vidole vya kawaida ni 18, vitano kila mguu wa mbele na vinne kila wa nyuma. Vya ziada huletwa na jeni inayorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu. Kata makucha ya vidole hivyo kila baada ya wiki chache, kwani hujikunja yakaingia nyamani.

Rangi zinazokuambia jinsia, si mbegu

Paka wa rangi ya chungwa, wanne kati ya watano ni madume. Mwenye chungwa na weusi pamoja karibu kila mara ni jike. Dume wa rangi hizo ni nadra na kwa kawaida hazai. Mweupe wote mwenye macho ya buluu apimwe masikio: simama nyuma yake asikuone, tikisa funguo bila kukanyaga sakafu kwa nguvu, urudie akiwa usingizini. Asiposikia, afugwe ndani, mbali na bodaboda.

Karatasi na vipimo vya DNA

Mbegu huthibitishwa na hati ya nasaba iliyosajiliwa na chama cha kimataifa cha mbegu za paka kama TICA, CFA au FIFe, yenye namba, majina ya wazazi na tarehe ya kuzaliwa. Muuzaji akidai hati «inakuja», omba namba za usajili za wazazi na uzihakikishe na chama chenyewe kabla ya kutuma pesa. Kadi ya chanjo yenye neno Persian si hati. Daktari huandika alichoambiwa na mwenye paka.

Kipimo cha DNA hulinganisha paka wako na mbegu zilizomo kwenye hifadhidata ya maabara, nyingi za Ulaya, Marekani na Asia. Matokeo yakisema «asilimia 6 Siamese» yanaeleza mfanano wa vinasaba, wala hayamtaji babu. Kinachofaa zaidi kwenye kipimo hicho ni orodha ya magonjwa ya kurithi. Ukiamua kukifanya, ngoja paka aache kunyonya, kwa kuwa chembe za mama huchafua sampuli. Umtenge na chakula na paka wengine kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha usugue brashi ndani ya shavu, si kwenye ulimi.

Kliniki ikikuuliza mbegu na huna hati, jaza: paka wa kienyeji, manyoya mafupi au marefu, kisha rangi, jinsia, uzito na umri kwa meno. Hayo ndiyo daktari atakayotumia kupima dozi ya dawa ya minyoo na kupanga chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu.